Makopo ya Mama Espe

Juzi, kwenye dampo la Mwanza, nilimwona mama mmoja akiponda makopo ili ayauze kama chakavu, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, jirani na kwetu. Rafiki yangu Espe na mama yake walikuwa wakibomoa mlango wao uliotengenezwa kwa makopo ya mafuta yaliyopondwa. Palinuka kutu.

"Shikamoo mama. Mnaupeleka wapi?"

"Marahaba. Nyumbani, Burundi."

Nilidhani Burundi ni kitongoji kinachofuata, maana nani hubeba makopo kwenda mbali? Nikamsaidia Espe kuyafunga kamba, tukicheka.

"Kesho nitakuja kucheza," nilimwambia Espe, lori la kuwarudisha kwao lilipoanza kunguruma.

Asubuhi nilioga mapema, nikamwomba mama yangu anielekeze njia ya Burundi. Aliacha kupepeta maharage, akanipakata.