Kipara Mbele ya Nyumba

Fundi aliinua jembe huku mtu ambaye yeye mwenyewe alimshitaki akimtazama.

Mtu mwenyewe ni shemeji yake, mume wa dada yake, jirani waliyetenganishwa na ua tu. Alisimama upande wake wa ua, mikono kifuani. Dada alikuwa kwenye kijia cha kuingilia kwa Fundi, katikati yao.

"Chimba, kaka," alisema. "Umetangaza kwa ukoo mzima kwamba mume wangu anamwaga mafuta ya taa kwenye nyasi zako. Haya, chimba tunuse. Yakiwepo, namhama leo leo. Yasipokuwepo, kizingiti chako sikikanyagi tena."

Kila mwaka nyasi zilikufa palepale, kipande cha ukubwa wa mkeka. Fundi alipanda upya, akatia mbolea, akamwagilia asubuhi na jioni. Ziliota, zikamchekea, zikakauka. Hakuinama hata siku moja kutazama chini yake. Watu wa leo ndivyo tulivyo, kidole hutunyooka haraka kuliko mgongo kupinda. Zamani mbele ya nyumba palifagiwa pakabaki peupe, na kasoro ya ardhi kila mpita njia aliiona. Sasa tunatandika kijani juu yake, tunaita maendeleo.

"Hata mimi nina kipara," alisema shemeji, akijipapasa utosi. "Na hiki nimekimwagia mafuta ya taa?"

"Wewe cheka tu."

"Mwenye kucheka nani? Chimba, bwana!"

Jembe lilizama kina cha kiganja, likagonga. Ngo! Mikono ikafa ganzi. Akajaribu kando. Ngo! Akachutama, akapangusa udongo. Chini palikuwa kijivu, pagumu, na juu yake mikwaruzo ya sepetu.

Mikwaruzo ile aliijua. Hapo ndipo alipokorogea zege alipojenga nyumba hii, dada akichota maji, shemeji akibeba matofali bila kudai hata asante. Zege lililobaki lilimkaukia. Alikuwa na haraka ya kuhamia, akalifukia. Naye ndiye aliyewatimua vibarua kwa kuacha kifusi kwenye nyumba za watu! Enzi hizo fundi hakuaga kabla hajakwangua na kufagia. Kanuni hiyo aliihubiri kila alikojenga, isipokuwa kwake.

Mgongo wake ulilificha shimo. Udongo ulikuwa pale pembeni, ni kuurudisha tu.

"Umeona nini?" aliuliza dada.

"Nanusa."

"Kunanuka mafuta?"

Dada akasogea. Vidole vya Fundi vilikwishashika donge la udongo.

"Kaka, nakuuliza."

Akaliachia donge.

"Ni zege."

"La nani?"

"Langu."

Shemeji aligeuka, akaelekea kwake. Mlango wake ukasikika ukifunguliwa kwa kishindo. Fundi alibaki amechutama, hathubutu kumtazama dada yake.

Kisha shemeji akaingia kwa lango la mbele, sururu begani.

"Jisogeze, shemeji. Mpini wa hilo jembe utakatika bure. Unajenga vibaya kwa midomo, lakini zege lako silo la kubeza."

Wakavunja kwa zamu. Jasho lilipowalowesha, dada alileta maji ya kunywa. Aliyatoa kwake, akizunguka ua mzima, ilhali mlango wa kaka yake ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama.

Fundi aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa.