Mama Kuta anangoja wingu

Saa tano asubuhi, jua linawaka hadi lami inanuka, na Mama Kuta amekaa kwenye kigoda ukingoni mwa barabara ya maduka ya zamani, anangoja wingu. Kamera imesimama mbele yake kwenye miguu mitatu. Mwavuli wake mweusi, wenye njiti moja iliyovunjika, umelala chini umekunjwa. Leo hauna kazi.

Mpiga picha yeyote angemshangaa. Wenzake wakiona wingu hununa, hufunga mizigo yao wakarudi nyumbani. Yeye, wingu likikaribia jua, anasimama haraka na kupanga kamera.

"Linakuja," anasema, na shemeji yake, fundi cherehani wa duka la tatu, anatoka na rula anayopimia vitambaa. Anaishikilia ukutani, kando ya ufa unaoshuka kutoka kwenye kona ya dirisha. Vivuli vyote vya mtaa vinafutika. Kamera inalia mara tatu.

"Milimita moja na nusu," shemeji anasoma kwa sauti, ili hata muuza viatu wa ng'ambo ya barabara asikie. "Kifungo cha shati hakipenyi hapa. Eti ndilo jengo litakaloua watu hili."

Shemeji anacheka. Mama Kuta hacheki. Ana hasira, na hasira hiyo sasa ina wiki tatu.

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia jeupe, stuli, na kioo cha wateja kuchania nywele. Anapiga picha za vitambulisho na pasipoti, na za harusi zikitokea. Siku nzuri anapata wateja kumi na wawili, siku mbaya wawili, na mmoja wa hao wawili amekuja kuuliza njia tu. Jina la Mama Kuta alipewa na wenye maduka, kwa sababu ndiye mpiga picha pekee waliyewahi kumwona akiwaomba watu wasogee ili apate kupiga ukuta.

Ugonjwa huo, kama anavyouita mwenyewe, ulimwanza miaka kumi na tisa iliyopita. Nyumba ya mkate, ambako yeye na dada yake mkubwa walikuwa wakitumwa kila asubuhi walipokuwa wadogo, ilibomolewa Jumamosi moja bila mtu kuambiwa. Jioni yake wawili hao walibishana. Dada alishikilia kwamba mlango ulikuwa wa bluu, yeye akaapa ulikuwa wa kijani. Wakatafuta picha ya kuamua ubishi. Haikuwepo hata moja, mji mzima.

"Niliona aibu," anasema. "Mimi napiga picha kila siku, na sikuwa na picha ya mlango ule."

Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa akizunguka na kamera. Alipiga herufi za plasta juu ya maduka, mabaraza, vitasa, mbao za madirisha, na miaka iliyochongwa juu ya milango. Baadaye watu wakaanza kumfuata na simu zao, watano, wanane, wakati mwingine ishirini. Akawa anawafundisha wanapotembea.

Somo lake la kwanza lilikuwa lile lile kila wiki: njoo mapema. Jua la asubuhi linapita ubavuni mwa ukuta, likiukwaruza, na kila kovu linatupa kivuli chake. Ufa mwembamba unaonekana mnene. Plasta iliyobanduka kidogo inaonekana kama shimo. "Ukuta uliopigwa na jua la ubavuni unakuwa na uso," alizoea kuwaambia. Somo la pili lilikuwa kungoja mtaa uwe mtupu. Maduka yakiwa yamefungwa, hakuna mtu wa kuharibu picha.

Masomo hayo mawili ndiyo yaliyomponza.

Miezi minne iliyopita alikuja mwanamke mmoja mpole, amevaa viatu vya bei. Alifuata matembezi mara mbili, akauliza maswali ya maana, kisha akafika studio na kusema kampuni yao inataka picha kubwa za kupamba ofisi. Alichagua kumi na nne. Zote zilikuwa za jengo moja, lile refu lenye maduka tisa, na zote zilikuwa za nyufa.

"Sikushtuka," anasema Mama Kuta, na hapa sauti yake inapanda. "Nilivimba kichwa. Nilidhani hatimaye nimepata mtu mwenye jicho. Nikamsaidia kuchagua! Nilimwambia, acha hiyo, chukua hii, hii ufa wake umetoka vizuri zaidi."

Picha hizo zililipa kodi ya studio ya miezi mitatu.

Kisha notisi zikabandikwa kwenye milango yote tisa. Jengo ni hatari, limetelekezwa, libomolewe. Nyuma ya notisi kulikuwa na ripoti ya kurasa thelathini na saba, na nyuma ya ripoti kulikuwa na kampuni ya yule mwanamke, inayokitaka kiwanja hicho ijenge maegesho ya magari. Wapangaji wakahangaika hadi wakapata nakala moja. Shemeji akaipeleka studio, akaifungua mwishoni palipo na picha, akaweka kidole kwenye kona ya chini.

"Shemeji," alimwambia taratibu, "huu si mwavuli wako?"

Ulikuwa wake. Huufungua kila asubuhi kukinga lenzi na jua, na safari hiyo kivuli chake kiliingia kwenye picha, na ile njiti iliyovunjika ikining'inia. Aligeuza kurasa zilizobaki akiwa amesimama. Zote kumi na nne zilikuwa zake. Chini ya kila moja mtu aliyelipwa vizuri alikuwa ameandika: ufa mpana, ufa mpana, hakuna dalili ya matumizi.

Hakuna dalili ya matumizi! Ndani ya jengo hilo wanafanya kazi watu arobaini na mmoja. Shemeji yake ameshonea hapo miaka thelathini na moja, na ada za watoto wanne zimetoka kwenye cherehani ile. Mitaa ilikuwa mitupu kwa sababu Mama Kuta alifika kabla hawajafungua, na waliofika mapema aliwaomba wasogee.

Kesho yake alikwenda ofisi ya majengo. Afisa aliyempokea ni kijana mwenye adabu, na adabu hiyo ilimkera kuliko matusi. Alimsikiliza, akamwonyesha ripoti, akasema hawezi kubishana na picha kwa sababu picha hazidanganyi.

"Picha hazidanganyi?" Mama Kuta alimuuliza. "Mwanangu, mimi miaka yote hii nalipwa kuwafuta mabibi harusi chunusi."

Afisa alitabasamu kidogo. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, kama ni kweli picha alipiga yeye na kuziuza yeye. Akajibu ndiyo. "Basi mama, sasa unazikana?"

Mama Kuta aliondoka. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, akitukana njia nzima, na anakiri kwamba matusi mengine alikuwa akijitukana mwenyewe. Hata hivyo kuna jambo moja asilotaka lichanganywe. Yeye alifanya ujinga. Wale walifanya makusudi, walijua saa, walijua jua, kwa sababu yeye mwenyewe aliwafundisha, na hakuna mhandisi hata mmoja aliyekuja na rula.

Nyumbani hali ni mbaya zaidi. Dada yake, mke wa fundi cherehani, ambaye ndiye huweka vifungo na kukunja pindo za nguo dukani, hajakanyaga studio tangu ripoti ilipofunguliwa. Alimwambia sentensi moja tu, kwamba amewachimbia kaburi na kuwauzia wenye jembe. Hajaongeza nyingine.

Ndiyo sababu ya kungoja wingu. Wingu halina ubavu. Chini yake ufa unaonekana kwa unene wake wa kweli, na rula inasema yaliyobaki. Mama Kuta amerudi mahali kamera iliposimama kila mara, ukuta ule ule, dirisha lile lile. Nyufa kumi na tatu kati ya zile kumi na nne hazifiki milimita mbili.

Ufa wa kumi na nne ndio shida. Uko ukuta wa nyuma, kando ya bomba la mvua, na kidole cha shahada kinaingia hadi kiungo cha pili. Fundi mwashi ameuangalia, akasema bomba linavuja, na ukuta unaweza kushonwa kwa wiki moja. Shemeji alishauri picha ya ufa huo isahaulike. Walibishana nusu saa barabarani.

"Wao walionyesha walichotaka na kuficha kilichobaki," Mama Kuta alimwambia. "Nikifanya hivyo hivyo, Alhamisi nitamtazama nani usoni?"

Alhamisi ijayo pingamizi la wapangaji linasikilizwa. Amepanga kuziweka mezani picha ishirini na nane, mbili mbili, za jua na za wingu, na kuanza na ule ufa mbaya. Atamwambia afisa kwamba hazikani picha zake, bali amezileta zimalizie maneno. Anatumaini jengo litatengenezewa bomba badala ya kubomolewa. Wakilibomoa, anasema, watafanya hivyo wakijua, na atawapiga picha wakifanya.

Imebaki picha moja ya ziada, ya mbele ya jengo zima. Wingu la mwisho la asubuhi linasogea, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mama Kuta hamfukuzi mtu. Anawaita. Muuza vyombo anatoka, kinyozi anatoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja, mafundi na wateja wanajaa baraza lote. Watu wanahesabiana kwa sauti. Kwenye mlango wa duka la tatu shemeji anasimama peke yake na rula yake.

Kisha pazia nyuma yake linasogea. Dada mtu anatoka, pini bado mdomoni, anazitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kola ya gauni. Anasimama kando ya mumewe, mikono kiunoni, anamtazama mdogo wake moja kwa moja kupitia kamera.

"Sicheki mimi," anasema. "Nimekasirika."

Mama Kuta anainama kwenye kamera. "Kasirika hivyo hivyo, dada," anajibu. "Usisogee."