Mlio wa Jana

Mdogo wangu hupima sakafu ya bahari kwa sauti. Kule melini wanamwita Masikio, ingawa anayesikiliza ni mashine. Mashine hutuma mlio chini, ukigonga kitu unarudi. Mwamba huurudisha kwa nguvu, tope huumeza. Na kwa kuwa bahari ina kelele nyingi, kila mlio hupewa mpangilio wake, kama mtu na namna yake ya kubisha hodi, ili mashine iutambue.

Mwezi uliopita tishari la mizigo lilizama na mwanawe wa pekee, fundi wa injini. Meli ya mdogo wangu ikapewa siku sita za kulitafuta. Siku ya tano ikaja jirani meli nyingine ya kupima, milio ikaingiliana. Akabadilisha mpangilio wa kutuma. Ule wa kusikiliza akausahau. Kutwa mashine ikasubiri mlio wa jana, isisikie kitu, na vipande viwili vya bahari vikaandikwa: tope tupu.

Aligundua siku ya sita, mchana.

"Nahodha, nimekosa. Turudi."

"Wewe Masikio? Miaka ishirini kazini?"

"Nifukuze ukitaka, lakini turudi. Mwanangu yuko chini pale."

Nahodha akatazama kipimo cha mafuta. "Kipande kimoja tu. Chagua."

Jamani, baba achague vipi? Akaonyesha kusini, mkono ukiwa umetangulia akili. Wakapita taratibu, mlio ukishuka, ukirudi dhaifu. Tope kweli. Meli ikageuka.

Alikuja kwangu kabla ya kwenda kwake. "Dada, mke wangu asijue kuna kipande kimebaki. Atakufa."

Nikanyamaza wiki nzima. Leo asubuhi wifi akaja, macho yamemwingia ndani.

"Wifi, wananiambia bahari yote imepimwa, nikubali. Ni kweli?"

Uongo sikuuweza. Nikamweleza yote. Hakulia.

"Kwa hiyo wewe ulijua, mimi nikafichwa?"

Akainama kufunga viatu. "Naenda ofisi ya bandari. Wanipe meli au wanipe sababu."

"Ngoja nikusindikize."

"Baki. Mtu wa kunyamaza simhitaji leo."

Akatoka. Mdogo wangu amenipigia simu mara tatu. Mungu anisamehe, sijapokea.