Elektroni Darasani Baraka

Darasa letu katika mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, lilinuka ndagala. Upepo wa ziwa uliingiza harufu ya samaki wale wadogo walioanikwa ufukweni kupitia madirisha yasiyo na vioo, nasi tukajifunza fizikia humo humo. Mama yangu ni wa kabila la Wabembe, wa kijiji cha Lubondja. Baba alitoka kwa wafugaji wa milimani. Hadi majira yale ya mvua sikujua kwamba jambo hilo lina uzito. Kisha habari za mapigano kati ya Wabembe na wafugaji zikashuka kutoka milimani, na asubuhi moja nikakuta wenzangu wamegawana darasa, hawa kushoto, wale kulia. Neema, niliyekaa naye benchi moja tangu mwanzo wa mwaka, akaniuliza, "We uko wa huku ao wa kule juu?" Nilisimama katikati, mfuko mkononi, nikiwaza kurudi nyumbani nisije tena.

Madamu Furaha, mwalimu wetu wa fizikia, alikuwa mlangoni, amesikia. Hakukemea. Alichora ubaoni chembe iitwayo elektroni, akaeleza kwamba kabla ya kupimwa huwezi kusema iko upande huu au ule. Kipimo ndicho kinachoilazimisha ijitokeze mahali pamoja. Kisha akasema, "Na ninyi munamuuliza mwenzenu swali ya majibu mbili tu, halafu munashangaa anakosa jibu."

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Lakini Madamu, muntu haiko elektroni."

"Ni kweli," akajibu bila kuudhika. "Elektroni haisikiake uchungu. Njo maana muntu tunapashwa kumuuliza na akili zaidi."

Akataka asimame kila aliyewahi kuvuka mto amebeba mdogo wake mgongoni. Wakasimama watoto wa pande zote mbili, Neema akiwemo. Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Tukatazamana, akasogeza daftari zake, nikakaa.

Jioni wazazi kadhaa walimwendea Madamu kumwonya aache siasa. Aliwasikiliza kwa heshima, akawapa viti, na kesho yake akaendelea na somo lilelile.

Sasa nafundisha elimu ya jamii chuoni Uvira. Nasoma wataalamu wanaoazima mawazo ya fizikia hiyo ya elektroni kueleza jamii, na wengine wanaowacheka kwamba wamechanganya watu na chembe. Hoja za pande zote nazipima kwa haki. Lakini wao hubishana katika kumbi tulivu. Madamu Furaha aliyasema hayo kwa sauti darasani Baraka, mchana, mlango ukiwa wazi, majira ambayo watu wazima wote niliowajua walikuwa wakinong'ona kwa hofu.