Karatasi za Maua Matupu

Mpaka leo mtu akiniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi, nataka kwanza kujua katumwa na nani. Tabia hii nimeirithi kwa baba.

Tulikaa milimani, juu ya Same, miaka ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Kwetu walikuwa hawajafika kumhamisha mtu, ila habari za malori ya kuhamisha watu tulizisikia. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, mgeni kutoka mkoa wa mbali, akatugawia karatasi. “Chora kwenu,” akasema, “kila kilichopo. Pembeni zungushia maua na nakshi. Nitazibandika ukutani.”

Nilichora nyumba, migomba, mfereji na ng'ombe, nikaenda na mchoro nyumbani kumalizia maua. Baba alipomwona ng'ombe, uso ukambadilika. Ng'ombe yule hakuwa wetu. Mtu wa Kisiwani, kijiji cha chini ya milima, alimweka kwetu tumtunze, sisi tunywe maziwa, na mambo hayo Wapare hatuyasemi hovyo, seuze kuyachora.

“Mwalimu zizi letu analitakia nini?”

“Anataka mchoro tu, baba.”

“Hakuna anayetaka mchoro tu. Leo unamwonyesha kwenu, kesho anawaonyesha wenye malori.” Akautia motoni, ukaungua.

Nililia kwa hasira, maana niliutaka ukutani. Nikachomoa karatasi kwenye daftari, nikaijaza maua matupu.

Asubuhi mwalimu alikusanya kazi. Maua, nyota, misalaba ya rangi, majani. Nyumba, hakuna hata moja. Kumbe kila mzazi alikuwa ameshtuka kama baba.

Mwalimu alitutazama kwa shaka, akidhani tunamkejeli. Kisha akaketi. “Kwetu walituhamisha, wakabomoa,” akasema. “Nikijaribu kuichora ile nyumba, sikumbuki dirisha la jikoni lilikuwa upande gani. Nilitaka ninyi muwe na picha.”

Nilikimbia kumweleza baba, nikiwa na hakika ataona haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini.

“Lisemwalo lipo,” akasema. “Kumbe kweli wanabomoa. Basi usichore hata mlango.”

Sikuchora. Lori halikuja. Tulihama wenyewe baadaye, nyumba ikaanguka kwa mvua. Wajukuu wakiniuliza ilikuwaje, nashika kalamu, na kinachotoka ni maua.