Bubu wa Kusingiziwa

Mimi ndiye niliyemfanya mjukuu wangu bubu. Naanza na hilo, asije mtu akasoma mpaka katikati akadhani ni mambo ya majini.

Binti yangu aliolewa ng'ambo ya ziwa, mji wa Baraka, upande wa Kongo. Vita ilipowafikia, alimpandisha mwanawe mkubwa kwenye boti ya wachuuzi, yeye akabaki kuwatafuta wadogo. Hakuja. Msichana akashuka huku kwetu, ufukwe wa Bangwe, ana miaka kumi na sita na kiatu kimoja. Siku hizo ukijulikana umevuka ziwa, unapakiwa kwenye gari unapelekwa kambini, na mimi nilikwisha apa kwamba huyu haendi popote. Sura yetu ni moja, hiyo haikunipa shida. Shida ilikuwa kinywa chake. Kiswahili chao kina mwendo wake, na akisema maneno mawili tu, hata mtoto mdogo wa Ujiji anajua huyu kaja juzi.

Nikamwambia, "Kuanzia leo wewe ni bubu. Umetoka kijijini Kidahwe, umezaliwa hivyo. Tukifunga mlango utasema. Nje, hapana."

"Mpaka lini, koko?" Kwao bibi ndiyo koko.

"Mpaka nitakapokwambia."

Wanawake ninaoanika nao dagaa walimpenda. "Mama, bubu wako mzuri, hana umbeya," akasema mmoja. "Tuazime tukamkalishe na wifi yangu, labda atamwambukiza!" Tukacheka. Na yeye akacheka bila sauti, nikaona kazi yangu imekwenda vizuri.

Siku aliyoacha kusema ndani ya nyumba siikumbuki. Nilikuwa na mambo yangu, moto, kuni, mvua na dagaa wasiokauka. Nilikuja kushtuka tu kwamba ni muda mrefu sijasikia koko. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, nikamwambia, "Haya, sema sasa." Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Nikambembeleza. Nikampiga na mwiko, Mungu anisamehe. Nikampeleka kwa shehe, akamwandikia kombe akanywa, akakohoa, shehe akasema, "Huyu sauti anayo." Nilijua anayo. Akawa anakula tonge mbili anasukuma sahani. Mchana analala kajikunja, na mikono imekuwa kama ya mtoto.

Ndipo wakaja vijana fulani pale tunapoanika dagaa. Walikuwa saba au wanane, wamebeba shuka jeupe limeandikwa kwa rangi ya buluu. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo, kwa hiyo nilisoma pole pole: afya ya akili kwa vijana. Mmoja alikuwa na spika ya mkononi inayokoroma kama mgonjwa wa pumu.

"Akili zetu nzima!" wanawake wakawapigia kelele. "Tuleteeni chumvi!"

"Chumvi hatuna, mama zangu," akajibu yule wa spika. "Ila stori tunazo za kumwaga."

Wakaigiza pale pale mchangani. Kijana mmoja kalala, hali, hasemi, baba yake anamwita mvivu. Mimi nikawa nageuza dagaa ambao nilikwisha wageuza.

Kiongozi wao alikuwa binti wa mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Akanisogelea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama mmetumwa kuandika majina, hapa hakuna wa kuandikwa."

"Hatuandiki majina, bibi."

"Na hilo daftari?"

"La maigizo."

Sikumwamini. Kwetu daftari lilikuwa na kazi moja tu, kuandika wa kupelekwa kambini. Akamwangalia mjukuu wangu aliyekaa kando, akauliza, "Na huyu dada, anaendeleaje?"

"Bubu wa kuzaliwa," nikasema. "Hana tatizo lingine."

Nililisema hilo mjukuu wangu akisikia.

Kumbe alianza kuwafuata. Jumamosi walikuwa wanakutana na vijana wenzao kwenye banda la nyavu, wanaongea yanayowalemea. Naye anakwenda anakaa nyuma, analia. Sikumzuia, maana akirudi anakula tonge tano. Nikasema moyoni, labda hawa watoto watamfungua wenyewe, mimi nisiumbuke.

Jumamosi moja yule binti wa Tanga akanifuata mbio, anafurahi kweli. "Bibi, tumempatia mwalimu! Anafundisha viziwi kusema kwa mikono. Njoo uone, mjukuu wako anashika haraka!"

Nikaenda. Mjukuu wangu kakaa mbele ya mwalimu. Mwalimu anaonyesha maji kwa mkono, naye anaonyesha maji. Njaa, njaa. Mama. Hapo mkono wake ulikawia, kisha ukaonyesha mama. Vijana wakapiga makofi. Walimpenda kwa moyo wote, na walikuwa wanamzika kwa neno langu.

Mlangoni wamejaa wanawake wenzangu, na balozi wetu wa nyumba kumi, mpeleka majina ya wageni, kasimama kati yao.

"Acheni," nikasema. "Huyo si bubu."

Binti wa Tanga akasema taratibu, "Bibi?"

"Si bubu, wala si wa Kidahwe. Nilimfunga mdomo mimi. Ametoka..."

Mjukuu wangu aliruka. Sijui miguu ile ilipata wapi nguvu. Akaniziba mdomo kwa kiganja, kimekauka, kinanuka dagaa. Anamwangalia balozi, ananiangalia mimi, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka na sauti haitoki. Nilimfundisha kuogopa, akafuzu.

Balozi akakohoa, akaangalia chini. Alichokuwa anawaza sikukijua.

Nikakishika kile kiganja, nikakitoa mdomoni mwangu, nikakifumbata kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa anakivuta akirudishe pale pale. Nikaanza upya, kwa sauti, tangu ile boti ya wachuuzi.