Nta ya Kimulot na Waya Nne Zisizo na Kazi

Siku yangu ya kwanza karakana nilipewa kitambaa, nikaambiwa nifute gari ambalo tayari lilikuwa safi. Nilifuta. Kisha nikafuta tena, maana mimi jambo la mara moja siliamini. Nilikuwa nimetoka kwetu upande wa ziwa, nikapalilia chai ya Kericho misimu miwili, mpaka mgongo ukaanza kunijibu nikiusemesha. Kwa hiyo Fundi Mkuu, Kalasinga mmoja mrefu mwenye ndevu zilizofungwa vizuri kuliko waya zake, aliposema atanijaribu miezi mitatu, nilikubali kabla hajamaliza.

"Ukifaa, unabaki," aliniambia. "Usipofaa, jembe lako bado liko stoo. Nimeliona leo asubuhi."

Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, na magari ya shamba yalihesabika: malori mawili ya kubeba majani na gari la Bwana Mkubwa, ndiye meneja. Katika mwezi wangu wa tatu Bwana Mkubwa alitaka gari lake libadilishwe uso. Njia ya kwenda Bomet ilijaa ng'ombe, na ng'ombe wa Kipsigis hapishi mtu. Akataka chuma kinene mbele ya radieta, taa mbili kubwa zisogezwe chini, zile ndogo za pembeni zitolewe, na honi ihamie juu ya boneti, ipate waya mpya.

Tulifanya kazi siku tatu. Tulipomaliza, waya nne zilibaki zinaning'inia bila kazi. Nilizihesabu mara mbili: mbili za taa ndogo, moja ya honi ya zamani, na moja ambayo hata Fundi Mkuu hakuijua mama yake. Kila moja ilikuwa na kichwa, yaani kile kipande cha shaba cha mwisho kinachoingia kwenye taa.

Nikachukua koleo nizikate.

"Weka chini!" akasema Fundi Mkuu. "Ukikata leo, kesho Bwana akitaka taa zake utaunga na nini? Na ile ya honi ina moto wa betri saa zote, hata gari likilala. Waya isiyo na kazi ni kama mtu asiye na kazi. Usipompa pa kukaa, atachoma nyumba."

Kanuni yake ilikuwa hivi: safisha kila kichwa, kifunike peke yake, kielekeze chini ili maji yasikae ndani, kisha kifunge mbali na chuma na mbali na joto. Kufunika kulihitaji utepe mweusi, na utepe ulikuwa umekwisha.

"Tafuta nta," akasema. "Nta haipitishi maji. Nimeshaitumia."

Siku ile ile mzee mmoja wa Kimulot alikuwa amekuja kwenye nyumba za wafanyakazi na asali yake. Mizinga yake ilikuwa msitu wa Mau, na ulimi wake ulikuwa kwenye biashara.

"Chamge, mzee," nikamsalimu kwa Kikipsigis.

"Chamge mising. Wewe mtu wa samaki, unataka nini na nyuki?"

Alikuwa na nta ya aina mbili. Ile safi, ya manjano, alitaka madebe mawili matupu. Ile nyeusi, alitaka debe moja.

"Nyeusi ina kasoro gani?" nikauliza.

"Haijachemshwa. Bado ina asali."

"Waya haina meno, mzee. Nipe hiyo." Nikamshusha mpaka debe moja lenye tundu. Nilirudi karakana nikijiona hodari.

Nilizipaka waya zote nne, nikazibandika nyuma ya radieta. Gari likaenda kwa Bwana Mkubwa Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi mpishi wake akaja mbio, aproni ikiwa begani.

"Fundi, njoo! Gari limepata wageni!"

Radieta haikuonekana. Palikuwa na nyuki tu, wamejaa toka chuma hadi boneti, wanaingia na kutoka kama wafanyakazi siku ya posho. Bwana Mkubwa alisimama barazani, amevaa kofia ya kwenda kanisani, ametulia kupita kiasi.

"Fundi Mkuu," akasema, "nilikuomba chuma. Mzinga ni zawadi?"

Fundi Mkuu aligeuka. Alinitazama mimi. Nikaona jembe langu wazi kabisa, hata ufa wa mpini.

Nikakimbia kumtafuta mzee wa Kimulot. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaja na moshi wake wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Safari hii alitaka madebe mawili mazima, kwa moshi na kwa nta ya manjano, na sikushindana.

Nyuki walipoondoka, tuliinama. Joto la radieta lilikuwa limelainisha nta, nyuki wakachota asali, na iliyobaki ikadondoka. Kichwa cha waya ya honi kilikuwa uchi, upana wa kidole kutoka kwenye chuma kipya. Shimo moja tu la barabarani, na Bwana angewaka moto akienda kusali.

"Kesho naenda Siongiroi kutazama ng'ombe," akasema Bwana Mkubwa. "Mito imejaa. Huyu atakaa nami mbele. Gari likizima majini, atarudi kwa miguu, moja kwa moja mpaka kwa nyapara wa palizi."

Mchana ule nilichemsha nta safi, nikaichuja kwa kitambaa, nikaichemsha na kuichuja tena. Nilichovya kila kichwa, nikakivisha kipande cha tyubu kuukuu ya tairi kama soksi, nikakunja, nikakifunga kwa uzi mdomo ukitazama chini. Nikazihamisha zote nne pembeni kwenye fremu, mbali na radieta.

Jumatatu mvua haikutuonea haya. Kwenye mto wa tatu maji yalifika kwenye taa. Injini ilikohoa mara moja. Ikakohoa mara ya pili, na mimi nilikuwa nahesabu. Halafu ikavuta, tukapanda ng'ambo.

Tuliporudi, Bwana Mkubwa alimwambia Fundi Mkuu maneno mawili: "Huyu abaki."

"Na nyuki, Bwana?"

"Wabaki Kimulot."

Nilibaki. Baadaye nilipelekwa kiwanda cha Kimulot, kisha Bomet, chini ya mafundi wakuu wanne, na niliwapa wote shida za kutosha. Sasa nimestaafu, na vijana huniletea magari wakitaka kuyageuza uso. Nawaambia wasikate waya. Wasafishe, wafunike, waelekeze chini, wafunge mbali na joto. Na wakikosa utepe, wanunue nta, lakini waionje kwanza. Ikiwa tamu, wairudishe.